Majani ya Makopo ya Sardini

Harufu ya udongo uliopashwa moto na jiko la kuni hunifikia mpaka leo, na kila ikinifikia naona haya.

Mama Mukubwa, dada yake mama, alitujia Kitshanga bila kitu ila fundo la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mbegu nyeusi zinazong'aa, alizochuma kwenye kaburi la binti yake wa pekee kule Nyamitaba, ambako, kwa sababu ya vita, hakuweza tena kurudi. Zilikuwa za yale maua ya siku moja, yanayofunguka asubuhi na kunyauka jioni. Alitaka kuyaona tena kabla hajafa. Nje, baridi yetu ya milimani ingeziua. Basi akazipanda zote ndani ya makopo ya sardini, akayapanga kando ya mafiga. Kila asubuhi aliupima udongo kwa kidole, kama anayempima mtoto homa.

Zilipoota, zilikuwa majani membamba tu. Mimi sikuona ua pale. Niliona chakula cha simbilisi.

Kazi yangu, nikitoka shule, ilikuwa kuwakatia majani simbilisi, wale wanyama wadogo mfano wa sungura, tuliowafuga mle mle jikoni, nyuma ya kuni. Siku hiyo mvua haikukatika, nao wakalia kwi-kwi hadi masikio yakaniuma. Mvivu hakosi sababu. Niling'oa majani yote ya makoponi, wakatafuna, wakanyamaza.

Mama Mukubwa alirudi kutoka sokoni, akayainamia makopo, akaugusa udongo kwa kidole.

"Ni nani alifanya hii?"

"Ni kuku, Mama Mukubwa. Ile nyekundu."

Baba alikwisha kuinuka kutafuta fimbo, macho yake kwangu.

"Muache mutoto, Papa Neema," Mama Mukubwa akamwambia baba. "Anasema iko kuku."

Jumapili yule kuku mwekundu, mtagaji wetu hodari, akachinjwa. Mama Mukubwa aliniwekea paja.

Siku hizi nafuga kuku mwenyewe. Kuku akiingia jikoni hupindua kopo, huparua, udongo ukatapakaa mpaka mlangoni. Makopo yale yalikuwa yamesimama vilevile alivyoyapanga, na juu ya udongo zilibaki alama za vidole vyangu vidogo. Alijua. Alijua tangu alipoingia.

Alifariki bila kuliona tena ua lile, nami sikuwahi kumwambia. Na lile paja nililimaliza lote, nikaomba na shingo.