Chumba Nilichowaonyesha Wafadhili

Kazi yangu ni kutembelea watoto tunaowalipia karo. Juzi nilifika kwao Mwende, huko Ikutha, ili wafadhili waone anakoishi, moja kwa moja kwenye simu. Nilibisha hodi, hakuna aliyeitika, nikaingia kibanda cha kwanza nilichokiona. Chini palikuwa na nyasi kavu tu. Harufu ilikuwa kali, nikajiambia umaskini ndio hunuka hivyo.

“Mwende analala hapa,” nikasema, kwa ile sauti yangu ya kuombea michango. Mfadhili mmoja akaanza kulia. Nami sijui kuacha, nikajilaza kwenye nyasi waone vizuri.

Nyanya yake Mwende akatokea mlangoni, mbuzi wake wakimfuata.

“Mwanangu,” akaniuliza, “unatoka, ama nikufungie na hawa?”