Shingo Haina Kaka

Harufu ya mawese ya moto bado iko kwenye vidole vyangu. Nimetoka kumukanda mjukuu wangu Yvonne shingo. Anacheza rugbi, ule mpira wa umbo la yai unaobebwa kwapani, na Jumamosi msichana mmoja alimunyanyua, akamupindua kichwa chini miguu juu, akamubwaga. Refa akatoa kadi nyekundu. Watu wakapiga kelele: "Ah, si mchezo tu!" Mimi nilisimama peke yangu, na magoti yangu haya, nikamupigia refa makofi mpaka wakaniona mwehu.

Niwaambie kwa nini.

Sisi watoto wa Rumonge, huku Burundi kando ya ziwa, tulicheza mchezo kama huo bila kujua una jina. Mpira niliufunga mimi, kwa majani makavu ya mgomba na kamba. Shule ilinishinda mapema, lakini vidole vilikuwa na akili. Tulicheza nyuma ya mahali wanapokamulia mawese, chini pamejaa maganda makavu yanayochoma nyayo. Unabeba mpira, unakimbia, unauweka kwenye rundo la makuti la wenzako. Kaka yangu Saidi tulimuita Kamyo, yaani lori, maana akija usipopisha anakuponda. Watoto wa Kizuka, kijiji tulichoshindana nacho, walimuogopa yeye peke yake.

Siku moja tulikuwa tunajizoeza, kesho yake tucheze na Kizuka. Amina wa jirani, mwembamba kama ndagala mkavu, dagaa wa ziwa letu, akamukwepa Kamyo mara mbili. Tukacheka. Mara ya tatu Kamyo akamukamata miguu, akamugeuza kama mtu anayemwaga ndoo. Nikasikia kishindo. Amina akainuka akakaa, mkono shingoni, macho makavu. Hakuweza kugeuka kututazama.

Wote wakamwambia, "Ihangane." Kirundi chetu kiko hivyo: neno hilo moja ni pole, na ni vumilia pia. Na aliyemubwaga? Hakuambiwa kitu. Alikuwa anadai mpira.

Nikaukalia.

"Leta, weye!"

"Toka kwanza. Na kesho huchezi."

"Uko dada yangu ama dada yake?"

"Shingo haina kaka! Ikivunjika haiulizi ukoo."

Ndugu zangu wengine walinivuta mikono, wakanivuta nywele, nikang'ang'ana kama kupe. Nikasema atoke Kamyo, ama mpira unaingia kwenye moto wa mawese. Mwisho Kamyo akatema mate, akaondoka.

Kesho yake, bila Kamyo, Kizuka walitupiga mchezoni, siwafichi, vibaya kabisa. Siku nyingi ndugu zangu walinigeuzia mgongo hata kwenye sinia ya chakula. Mama, aliyekuwa anamukanda Amina kwa mawese na chumvi, hakunisifu. Alisema tu, "Mutoto huyu ana kichwa cha jiwe." Mimi nikachukua hiyo kuwa sifa.

Juzi Saidi, mzee wa fimbo sasa, alikuja kumujulia hali Yvonne. Akanitazama ninavyokanda mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema:

"Dada, siku ile nilisikia shingo ya Amina imelia mikononi mwangu. Niliogopa sana. Nilikuwa nangoja mutu aniambie toka, maana mwenyewe sikujua namna ya kuacha."

Miaka yote hii nilijua nimemutetea Amina. Kumbe siku ile walikuwa wawili wa kuokolewa, na mmoja alikuwa ananitemea mate.

Basi asije mutu kuniambia refa amemuonea yule msichana. Jumamosi nyingine nitakuwa palepale, na makofi yangu. Na Amina bado yupo. Kila asubuhi anapita hapa akitoka ziwani, beseni ya ndagala kichwani, mikono ameiachia, anapaza sauti kunisalimu, "Amahoro, kichwa cha jiwe!" Anayesema ni mchezo tu, aje akae mlangoni kwangu, aitazame ile shingo inavyopita.