Maji ya Kigingini

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Bunda, lori lilibeba vitanda, kuku, mawe ya kusagia na hata milango ya nyumba za zamani. Desturi za watu hazikuhitaji lori. Zilikuja zenyewe, na moja niliiona asubuhi ya kwanza tu.

Kule tulikotoka, karibu na Kibara, wanawake walipopanda kutoka ziwani na maji walisimama penye jiwe moja jeusi. Walishushiana madebe, kila mmoja akamwaga chini kiasi cha kikombe, kisha wakatwishana tena na kuendelea. Kushusha debe lililojaa na kulirudisha kichwani si mchezo, ila walifanya hivyo kila siku. Mimi nilikuwa nimeolewa huko miezi michache kabla ya kuhama. Nilikulia Musoma mjini kwenye maji ya bomba, nikasoma, nikapewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima, na kichwa changu kilikuwa kigumu. Kwa adabu ya bibi harusi nilimwaga kama wao, nikijiambia kwamba jiwe likibaki nyuma, mambo yake nayo yatabaki.

Kijiji kipya kilikuwa tambarare, hata jiwe la kumtupia kuku hukuti. Bwana ardhi alikuwa ameshachora mitaa iliyonyooka na kupigilia vigingi vilivyopakwa chokaa. Kisima cha pampu kilikuwa upande wa chini. Tulijaza madebe, tukashika njia ya kurudi kwa mstari. Kwenye kigingi cha tatu mwanamke wa mbele akasimama, na wote wakasimama. Wakashushiana, wakamwaga, wakatwishana, wakaenda zao.

Mwili ulinisisimka. Baadaye, katika kijiji hicho hicho, mkutano wa kuamua mahali pa kuchimba choo ulichukua siku mbili na watu wakaondoka wamenuniana. Hapa wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wamekubaliana bila hata kutazamana. Nilistaajabu, na papo hapo nikakasirika, maana kustaajabia jambo nisilolielewa kulikuwa kunaniudhi siku zile. Nikapita pale na debe langu limejaa pomoni.

Nyumbani mama mkwe aliniuliza, "Umemwaga?"

"Hapana, mama."

"Haya," akasema. Akachukua debe lake akaenda kisimani mwenyewe, na goti lake bovu.

Hakunigombeza wala hakununa. Ila maji yangu hakuyanywa, na ugali wa maji yangu hakuugusa. Alijipikia kwenye kisufuria chake pembeni, tukakaa pamoja tukila na kupiga soga kana kwamba hakuna kitu. Ikawa hivyo kila siku. Iliniuma kuliko matusi, kwa sababu mke ambaye maji yake hayanywewi ni mgeni tu katika nyumba, hata akikaa humo mpaka azeeke.

Nilimuuliza sababu ya kumwaga.

"Sijui, mwanangu. Hata mimi nilimkuta mama mkwe wangu anamwagaga."

"Na ukiacha inakuwaje?"

"Sijawahi kuacha."

Mume wangu alinisihi nimwage tu yaishe, au basi nidanganye. Kudanganya kungekuwa rahisi. Mama hakuwahi kunifuata nyuma wala kumtuma mtu anichunguze. Aliuliza na kuamini jibu. Ndiyo maana sikuweza. Nilitaka akubali kwamba mimi ndiye mwenye haki, halafu anywe maji yangu.

Kiangazi kikaja. Pampu ikawa inakohoa, tukapangiwa nusu debe kwa kila mwanamke. Nikasema moyoni, leo tutaona. Walipofika kwenye kigingi wakashushiana yale madebe mepesi, wakamwaga. Walimwaga kidogo kuliko zamani, ujazo wa kiganja, lakini hakuna aliyepita. Katikati ya vumbi la kijiji kizima, pale tu palikuwa na udongo mweusi uliolowa. Kigingi chenyewe kilikuwa kimelegea na kuinama. Bwana ardhi alipokuja kukagua alikipigilia upya huku akiuliza nani anachezea vigingi vya serikali, na wanawake wakatazama pembeni.

Nilisimama hapo na nusu debe langu, nikaingiwa na hofu. Haikuwa hofu ya laana. Nilikuwa mbele ya kitu kikubwa, cha zamani kuliko sisi sote, na mimi nilikuwa nakidai kinionyeshe cheti.

Kisomo tulifanyia kwenye ghala la pamba. Ubao wetu ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi. Kila siku niliandika tarehe, nikaipigia mistari miwili kwa chaki nyekundu. Chaki hiyo ilikuwa adimu, kwa hiyo niliitunza kwenye kibati na kuitumia kwa mistari hiyo tu. Mama mkwe, ambaye alikuwa akikaa mbele, siku moja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii mistari miwili ni ya nini? Mmoja hautoshi?"

Nikafungua mdomo. Nikapekua kichwani mwaka wangu wote wa mafunzo ya ualimu, nisipate kitu.

"Sijui, mama," nikasema. "Nilimkuta mwalimu wangu anapigaga."

Ile "anapigaga" ilinitoka mimi niliyekuwa nikiwasahihisha wao kila siku. Ghala zima likacheka. Mama hakucheka. Aliinamia daftari lake, akapiga mistari yake miwili polepole, kwa rula.

Kesho yake, kwenye kigingi, mwanamke aliyekuwa mbele yangu aligeuka akapokea debe langu kabla sijamwomba. Nikamwaga. Maji yalizama mara moja.

"Umemwaga?" mama akauliza.

"Nimemwaga, mama."

Akachota kikombe. Kabla hakijafika mdomoni, ualimu ukanipanda. Nikamwambia kwamba nadhani nimeigundua sababu: kule Kibara walikuwa wanapanda mlima, debe lililojaa sana lingewamwagikia mgongoni, basi wakawa wanapunguza.

Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, kama ni hivyo si tungechota kidogo tangu kule ziwani?"

Akanywa kikombe chote, akafuta mdomo, akaninyooshea nimwongezee.