Sebastiao Likonde: Fidla na Sauti ya Tatu

Kwa miaka minane, watu wa Magomeni mjini Mtwara walimpa Sebastiao Likonde ushauri uleule: achague. Ama awe mpiga fidla, ama awe mwimbaji wa sauti ya tatu, ile sauti ya juu ya kiume ambayo waliosomea muziki huiita tena. Hawakuwa na nia mbaya. Waliona tu kwamba mtu anayetaka kuishi kwa muziki katika mji wa bandari na korosho ashukuru akipata nafasi moja. Sebastiao alitaka zote mbili, na alitaka ziwe kazi yake.

Sababu yake ilianzia kijiji cha Kitaya, alikozaliwa mwaka 1973, mtoto wa wakimbizi waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Fidla ilikuwa ya mjomba wake, Eduardo, aliyefundishwa na wamisionari ng'ambo ya mto. Mjomba aliiita rabeka. Siku ya kuvuka aliifunga kwa turubai, akaibeba kichwani, na viatu akaviacha ukingoni.

Alikuwa mwalimu mkali. Hakumruhusu Sebastiao aguse uzi kabla hajaiimba nota yenyewe. "Imba kwanza," alikuwa akisema. "Kidole hakijui kitu mpaka koo lijue." Basi kwa kijana huyu kupiga na kuimba vilikuwa kazi moja. Nyuzi nne alizijua kwa majina ya Kireno, sol, re, la, mi, na do ilikuwa na mahali pake pamoja tu, pasipobadilika. "Serikali hubadilika, hata mto huu huhama," mjomba alisema. "Do haihami."

Mwaka 1995 Sebastiao alihamia Magomeni, akapata kibarua cha kupakia mizigo bandarini, akajiunga na kwaya ya parokia. Mwalimu wa kwaya alikuwa Stefano Kibona, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa Mtwara kutoka Mbeya. Siku ya kwanza alimruhusu kuja na fidla, akampa karatasi ya wimbo. Haikuwa na mistari mitano ya nota aliyofundishwa na mjomba. Ilikuwa na herufi tu: d, r, m, f. Juu yake iliandikwa, "Do ni G." Sebastiao alidhani maneno hayo ni jina la mtunzi.

Kwaya ilianza. Naye akaanza, do yake ikiwa palepale alipoiweka mjomba, kwenye nota ambayo wengine huiita C. Sauti zikagongana vibaya mno hata waimbaji wa besi wakashindwa kuendelea.

"Simama, simama!" Mwalimu Stefano alipiga makofi. "Ndugu, unapiga wimbo gani?"

"Huu huu, mwalimu. Nimesoma do, nimepiga do."

"Do gani hiyo?"

"Do!"

Brian, karani wa bandarini aliyeimba besi, alidakia kutoka nyuma. "Mwalimu, hiyo do imevuka mto bila kibali!"

Kanisa zima lilicheka. Mwalimu Stefano alijaribu kujizuia, akashindwa. Alipotulia akasema kwa upole, "Sauti yako ni nzuri sana, kaka. Kaa na sauti ya tatu. Hiyo fidla iache nyumbani."

Sebastiao alikaa na sauti ya tatu, lakini wiki iliyofuata alikuja tena na fidla, akaiweka chini ya benchi. Wiki ya tatu vilevile. Ndipo Esta, mwalimu wa shule ya msingi aliyeimba sauti ya pili, alipomwonea huruma, akamweleza.

"Do yetu inahama nyumba, kaka Sebastiao. Wimbo ukihamia G, do nayo inahamia G. Ukihamia F, inaufuata."

"Sasa mtu anajuaje alipo?"

"Si imeandikwa juu? Wewe huangalii anwani."

Kuanzia hapo alinunua madaftari ya shule, akaazima kabrasha la nyimbo za kwaya, akazihamisha zote kutoka herufi kwenda mistari mitano, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilimchukua miaka minne. Alikosea, akafuta, akarudia. Aliimba kila mstari kabla ya kuuandika. Kufikia mwaka 1999 Mwalimu Stefano alikuwa akimwita aje na fidla, ingawa bado alimshauri achague.

Mwaka 2003 ilifika okestra ndogo kutoka Dar es Salaam, ikitafuta kwaya ya kuimba nayo misa ya kale ya Kilatini. Kiongozi wake aliitwa Irene. Wapigaji wake walisoma mistari tu, waimbaji wa Magomeni walisoma herufi tu, na mazoezi ya kwanza yalikwama ndani ya nusu saa. Sebastiao aliomba siku nne. Alirudi na misa nzima ikiwa katika herufi, kwa sauti zote nne.

Bi Irene alimsikiliza akiimba, kisha akamwandikia barua ya ajira kama mwimbaji wa sauti ya tatu mwenye mshahara wa kila mwezi. Waliitia sahihi mezani, mbele ya wanakwaya. Yaani Bi Irene alitia. Sebastiao alishika kalamu, akasoma, akaiweka chini.

"Hapa hapana fidla."

"Wapiga fidla ninao, Bwana Likonde."

"Tia sahihi, wewe!" Brian alimnong'oneza. "Unangoja nini, meli?"

"Nikitia sahihi hivi, nimeiacha," alijibu Sebastiao. "Nipimeni. Nikishindwa, nitatia."

Walimpima kesho yake, wapigaji wawili wakimkabili. Walisema mkono wake wa upinde ni mzito na kidole chake cha nne ni kivivu. Walisema pia kwamba hakupiga nota hata moja nje ya mahali pake. Bi Irene alifikiri kidogo, akachukua ile barua, akaongeza kwa mkono: na mpiga fidla, kiti cha mwisho, kwa majaribio ya miezi sita. Sebastiao akatia sahihi.

Alifanya kazi na okestra ile kwa miaka mingi, mkono wa upinde ukilainika polepole. Mwaka 2004 waliporudi kutumbuiza Mtwara, mpiga chapa wa mjini alimpigia simu Mwalimu Stefano kuhusu orodha ya wasanii.

"Mwalimu, kuna kosa. Huyu Likonde ametokea kwenye fidla, ametokea tena kwenye waimbaji. Nimfute wapi?"

"Usimfute popote," alijibu Mwalimu Stefano. "Chapa hivyohivyo."