Kiganja cha Baba Nyuma ya Bomba

Asubuhi, kabla hajawasha mashine ya kuchomelea, Mama Ekzosi anatazama ng'ambo ya barabara. Benchi la karakana ya mdogo wake limeshapata mtu: baba yao, fundi mstaafu, amekunja nne na kikombe cha chai mkononi.

"Unaona? Hapa kwangu amepita kama hapajui," anamwambia mwandishi aliyemtembelea, akishusha miwani ya kazi. "Na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza."

Kazi yake ni kubadilisha ekzosi za kiwandani za magari yenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi, ili moshi utoke upesi na injini ipate nguvu zaidi. Mdogo wake anafanya kazi hiyo hiyo. Dada ndiye aliyemfundisha tangu kushika grenda, na alipoiva akavuka barabara, akafungua karakana yake. Wateja wa dada wamepungua karibu nusu. Hilo, anasema, amelimeza. Lililomkaa kooni ni kiganja.

Katika familia hii, ekzosi haijaisha mpaka baba aweke kiganja nyuma ya bomba, afumbe macho, ausikie moshi unavyomgonga. Akitikisa kichwa, gari linarudi kwenye jeki. Akisema "inapumua," mwenye gari anapewa ufunguo. Lakini magoti yamechoka, kuvuka barabara ni shughuli, na mzee amechagua upande wa kukaa.

"Nina wivu, ndiyo. Andika hivyo hivyo," anamwambia mwandishi. "Unanila."

Leo kwenye jeki kuna gari la dereva wa teksi, lililopita kwanza kwa mdogo mtu. Linanguruma mpaka mtaa unageuka, lakini mlimani halina jipya. Mama Ekzosi anajipenyeza chini yake, na haichukui muda anaanza kucheka.

"Nimemnasa. Amebadilisha sailensa ya nyuma tu. Gari la turbo linabanwa huku mbele, pale moshi unapotoka kwenye turbo. Hiki kipande chembamba na chujio lake ndivyo vinavyolikaba. Huko nyuma ni kelele tu."

Dereva anakohoa. "Mimi ndiye niliyemkatalia, dada. Yeye alitaka kuanzia mbele. Mimi nilitaka mlio."

Kicheko kinaisha. Anaikata ekzosi, kisha anapitisha kidole ndani ya kiungo alichochomelea mdogo wake. Pamesuguliwa pakawa laini, mahali ambapo mteja hachungulii.

"Kwa ajili ya hapa nilimrudishia kazi mpaka akalia," anasema. Kidole bado kimo ndani. "Hajasahau, mshenzi huyu."

Mchana, bomba pana na chujio jipya lisilobana vimekaa mahali pake, na dereva anawasha gari. Ng'ambo, mzee anainua kichwa. Anasimama, anashika fimbo, anavuka polepole huku magari yakimsubiri. Hasalimii mtu. Anainama nyuma ya bomba, anaweka kiganja, anafumba macho.

Mama Ekzosi amesimama na spana mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Inapumua," baba anasema. Kisha anatabasamu. "Gari hili nililiona kule. Mdogo wako ameiva kweli."

Dereva anafungua mdomo. Jicho la Mama Ekzosi linaufunga.

"Karibu chai, baba."

"Nimeshakunywa kule, mwanangu."

Mzee anarudi alikotoka. Kwa nini hakumwambia kuwa kazi ni yake? "Ningemwambia, ningekuwa nimeomba," anajibu. "Sifa ya kuomba haishibishi."

Anachokipanga sasa ni kiti. Atakiunda kwa mabaki ya mabomba: kirefu, ili magoti ya mzee yasipate tabu kuinuka, chenye mgongo na mto. Vipande viwili ameshavikata.

"Benchi la kule halina mgongo," anasema. "Hapa atakaa, na akikaa habanduki."

Na mdogo wake je?

Anashusha miwani, anawasha mashine. "Akitaka kiganja, avuke yeye."