Mkono wa Vatsala Bado Unatafuta Taipureta

Saa nne asubuhi, nje ya mahakama ya Shirgaon, Vatsala Lokhande anapiga taipu. Vidole vinakwenda vizuri mpaka mwisho wa mstari, halafu mkono wake wa kushoto unaruka juu ya kompyuta na kusukuma hewa.

"Umemsalimia nani, Tai?" anauliza Dattaram Sutar, mpiga taipu wa meza ya jirani, akimwita dada kwa Kimarathi.

"Baba yako," anajibu Vatsala, na kurudisha mkono kwenye vitufe.

Kwa miaka thelathini na moja mkono huo ulisukuma taipureta ya Kimarathi irudi mwanzo wa mstari kila kengele ilipolia. Taipureta sasa iko stoo. Kompyuta haina kengele, lakini mkono ni kama haujapewa taarifa.

Lingekuwa jambo la kuchekwa tu, kama si agizo jipya: anayetaka kubaki na meza katika ua wa mahakama lazima apige kwa kompyuta maneno thelathini ya Kimarathi kwa dakika. Mwezi uliopita Vatsala alipata ishirini na manne. Amebakiwa na jaribio moja, Ijumaa hii. Akishindwa, meza inachukuliwa. Ni mjane wa miaka hamsini na sita, na rupia mia nne au tano anazopata kwa siku zinatoka hapo tu.

"Watu wanadhani sijui vitufe. Navijua hata nikifumba macho," anasema, bila kuuficha uchungu. "Tatizo ni huu mkono. Niliufunga kwa kitambaa kwenye ukingo wa meza, ukagoma kufanya kazi kabisa."

Dattaram alifaulu kwa maneno arobaini na moja. Kila asubuhi humpima Vatsala kasi kwa saa ya simu yake, ingawa meza ya Vatsala, iliyo chini ya paa zima, ikiachwa wazi, wa kwanza kupewa ni yeye. Kwake huvuja kila masika.

"Nampima kwa haki," anasema. "Sitaki kuambiwa nimemwibia paa."

Vatsala anakiri kwamba mwanzoni alimshuku.

Leo zoezi linakatizwa. Indubai Ghadge, bibi anayelima manjano, anaketi kwenye kiti cha wateja huku machozi yakimtoka.

"Andika, mwanangu. Shemeji amepiga kufuli pampu ya kisima. Kisima ni cha wote. Manjano yangu yanakauka na yeye ananiangalia tu."

"Amefunga lini, Bibi?"

"Juzi. Na ufunguo ameuvaa shingoni, ili niuone."

Vatsala anafuta ukurasa wa zoezi na kuanza upya. Macho yako kwa Indubai, vidole vinapiga. Kilio kinaingia sikioni na kutoka kikiwa ombi la mahakama, lenye tarehe na namba ya shamba. Hivyo ndivyo wapiga taipu wa uani wanavyofanya kazi.

Dattaram alisahau kuizima saa ya simu. Indubai anapomaliza, Dattaram anakuja kuhesabu.

"Thelathini na manne kwa dakika, Tai. Na mkono haukuruka hata mara moja."

Vatsala hamwamini. Anahesabu mwenyewe, mstari kwa mstari, kidole kikiwa kwenye kioo. Ni kweli.

"Mnahesabu nini?" anauliza Indubai. "Kisima bado kimefungwa."

Lakini mtihani ni wa kunakili karatasi, kimya kimya. Hakuna atakayekaa mbele yake akaeleza shida.

"Ile karatasi ina maneno yasiyo na mwenyewe, ndiyo maana mkono unapata nafasi ya kuzurura," anasema Vatsala. "Ijumaa nitaiweka upande anaokaa mteja. Nitaisikiliza."

Na isiposema kitu? anaulizwa.

Vatsala anamkabidhi Indubai ombi lake, akimwonyesha pa kuweka dole gumba.

"Lazima iseme. Shemeji yake akijibu mahakamani, huyu bibi atarudi hapa kuandikiwa tena. Dattaram ana kasi, simkatalii. Lakini yeye mtu akilia, humwambia akanyamaze kwanza ndipo arudi."

Dattaram anasikia, na kuirudisha saa ya simu kwenye sifuri.