Usingizi wa Saa Nne

Akil bin Idarus alikuwa na umri wa miezi kumi na minne na watumishi watatu, na kati ya hao watatu alimtambua mmoja tu, Dama, kwa sababu Dama ndiye aliyekuwa na maziwa. Mamake, Bi Badria, homa ya uzazi ilimkausha maziwa kabla ya arubaini. Babake alikuwa mfanyabiashara wa karafuu na ngozi, na mchango wake katika malezi ulikuwa kuuliza kila usiku kwa nini mtoto halali.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, Mji wa Kale, yenye mlango wa nakshi ambao wageni waliusifu kabla ya kumsalimu mwenyewe. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali itangaze kwamba pwani haina tena mtumwa. Dama alikuwa na karatasi yake, ameikunja ndani ya kikebe cha tambuu. Uhuru wake haukuwa na kasoro yoyote, ila haukuwa na chakula ndani yake, basi alipoitwa kunyonyesha mtoto wa watu alikwenda.

Masharti aliyaweka Mwana Mwanakuu, mamake Idarus, naye hakuyazungusha: maziwa ni ya Akil peke yake. Wakati huo Dama alikuwa na mwana wa miezi miwili, Gharib, ambaye babake alipanda gari la moshi kwenda bara kutafuta kazi na mpaka sasa huenda bado anaitafuta. Dama akaitikia. Akamwacha Gharib kwa bibi mmoja wa Makadara, Mwanaesha, mwenye moyo mweupe na macho yaliyoingia ukungu, anyweshwe maziwa ya mbuzi. Maziwa ya mbuzi Gharib aliyatapika. Akatapika na ya ng'ombe. Uji wa mchele alikubali vijiko viwili vitatu, kisha akafunga mdomo kama mlango wa kadhi siku ya Ijumaa. Kitu pekee kilichokaa tumboni mwake kilikuwa maziwa ya mamake.

Kwa hiyo Gharib aliishi kwa usingizi wa Akil. Akil alilala mara mbili mchana, saa nne asubuhi na tena karibu na alasiri, kila mara saa moja na ushei. Akishafumba macho, Dama alichukua kikapu kana kwamba anakwenda sokoni, Muhdhar bawabu akatazama upande mwingine, na Dama akatembea mbio mbio mpaka Makadara. Alimnyonyesha Gharib huku akihema, akarudi na fungu la mchicha ili kikapu kisimsute. Mwaka mzima mambo yalikwenda hivyo. Gharib hakuwa mnene lakini alikuwa na kelele, na Mwanaesha alisema mtoto mwenye kelele hana neno.

Kisha Akil akakua. Saa nne ikifika analazwa, anajilaza chali, anashika vidole vya miguu na kuvihutubia. Usingizi ukimpata umeshachelewa, na ule wa alasiri ukachelewa nao, na usiku anaketi kitandani ana macho kama taa mbili. Bwana Idarus akalalamika, Bi Badria akalia, na Mwana Mwanakuu, aliyelea watoto saba, akashuka uani na kipande cha chokaa.

Akaeleza kwamba mtoto huyu kulala mara mbili kumemshinda. Mara moja inamtosha, baada ya adhuhuri, nyumba nzima inapopumzika. Lakini habadilishwi kwa ghafula, maana atachoka, atakuwa mkali, na watakaopigwa makofi ya uso ni wao. Asubuhi jua liliingia uani kutoka juu na kuteremka ukutani taratibu. Mwana Mwanakuu akachora mistari saba ukutani, mmoja chini ya mwenziwe, kwa upana wa vidole vinne. Leo mtoto asilazwe mpaka jua liguse mstari wa kwanza. Baada ya siku tatu, wa pili. Likifika wa saba limekaribia sakafu, na adhuhuri imekaribia. Huo usingizi wa alasiri ufupishwe, kisha ufutwe, na baada ya magharibi alazwe mapema.

Na alikuwa sahihi, hilo ndilo la kuudhi. Mtoto alikuwa tayari.

Dama alielewa hesabu hiyo kabla vumbi la chokaa halijatua. Adhuhuri ndiyo saa ambayo Bwana Idarus alirudi kulala, mlango ukatiwa komeo, na yeye Dama akakaa kando ya Akil na pepeo mkononi mpaka amwamshe; na usiku hakuruhusiwa kutoka. Angejaribu kwenda na Akil mgongoni, angezuiwa mlangoni. Mtoto wa nyumba ile hakutolewa nje, wasije watu wakamtia jicho. Akasema, kwa adabu zote, kwamba labda mtoto bado ni mdogo.

"Dama," akasema Mwana Mwanakuu, "anayesinzia hapa ni wewe au ni mtoto?"

Wajakazi wakacheka. Dama naye akacheka.

Siku ya nne alijaribu udanganyifu. Alimwingiza Akil ghalani saa nne, akampaka mafuta nyayo, akamwimbia mpaka akalala juu ya gunia, kisha akakimbia Makadara. Usiku ule Akil alikesha, na Bwana Idarus akashuka ngazi mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu harusi. Asubuhi yake Mwana Mwanakuu hakugomba. Aliteremsha tu mkeka wake uani na sinia lake la tambuu, akaketi kuutazama ukuta, na kuanzia siku hiyo kila asubuhi alikuwa hapo, Dama asipate tena nafasi ya kutoka.

Basi Dama akaifanya kazi, tena akaifanya vizuri, kwa sababu hakujua kuifanya vibaya. Akil akianza kuvuta sikio, alimtilia maji katika beseni achezee vikombe. Akilegea shingo, alimpandisha darini kuwatazama kunguru. Alimpa chakula mapema ili asilale kwa njaa, na hakumpa ziwa karibu na saa nne ili asilale kwa mazoea. Jua likateremka mstari wa tatu, wa nne. Maziwa yalimjaa saa zile zile za zamani na kulowesha leso, akajifuta, akaendelea kumwonyesha Akil kunguru.

Habari za Gharib zililetwa na Nana, muuza vitumbua, aliyekaa ukuta mmoja na Mwanaesha. Kila asubuhi Nana alisimama mlangoni na sinia kichwani, na Dama akaenda kununua viwili. Wiki ya kwanza Nana alisema mtoto amelia mpaka majirani wamefikiria kuhama. Wiki ya pili alisema analia kidogo. Wiki ya tatu alikuja anatabasamu.

"Mwanao katulia, Dama. Analala asubuhi, analala mchana, mtu akija jioni kalala. Mwanaesha anasema hajapata kulea mtoto asiyesumbua kama huyu."

Dama alishukuru sana. Siku hiyo alinunua vitumbua vitatu. Alimwambia Nana kwamba mtoto amezoea, na kwamba watoto wote huzoea, akasema kwa sauti ya mtu aliyefundisha mmoja na sasa anajua.

Mstari wa saba ulifikiwa siku ya Jumatano. Akil alikula wali wake, akalazwa baada ya adhana ya adhuhuri, akalala papo hapo kama aliyepigwa rungu. Nyumba ikatulia. Bi Badria aliketi ukingoni mwa kitanda akimtazama mwanawe kwa furaha, na ilipopita saa ya pili akasema kwa kunong'ona kwamba kama yeye angekuwa na hiari, angemwacha alale mpaka magharibi.

Mwana Mwanakuu alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka, macho amefumba. Akamwambia mkwewe ampe muda mfupi tu kisha amwamshe.

"Kwa nini, Mwana? Si ndio afya?"

"Mtoto mzima ana kiasi chake cha usingizi. Akikipita, mguse, mwamshe, umtazame." Alijigeuza ubavu. "Wa kwanza wangu alikataa kunyonya, akalia siku mbili, kisha akatulia. Akalala mchana kutwa. Tukamshukuru Mungu, tukatembea kwa ncha za vidole tusimwamshe. Mtoto hana nguvu ya kulia, sisi twasema amepata adabu."

Pepeo mkononi mwa Dama lilisimama. Bi Badria aliinua kichwa kuuliza kuna nini, akamwona Dama tayari yuko ngazini.

Muhdhar alikuwa amelala juu ya benchi. Dama hakumwamsha; aliliinua komeo mwenyewe, likamponyoka na kugonga sakafu kwa kishindo kilichoamsha nyumba, na Akil akaanza kulia juu. Dama aliisikia sauti ile. Akatoka bila kikapu, bila viatu, leso moja mabegani, akapita njia za watu waliolala mpaka Makadara.

Mwanaesha alikuwa mlangoni akichambua mchele kwa vidole. Alimtambua kwa hatua zake, akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu. Kalala."

Gharib alikuwa kwenye kitanda cha kamba, safi, amefunikwa vizuri. Dama alipomwinua mikono yake ilipanda juu kuliko alivyokusudia, kwa wepesi wake. Alimtia ziwa mdomoni. Maziwa yalitoka yenyewe, yakajaa mdomo, yakamwagika shavuni, naye hakumeza. Akamkamulia tone moja moja kwenye ulimi, akimpapasa koo kwa kidole. Mwanaesha akawa anauliza, amefanya nini, amekosea wapi, uji amempa, maji amempa, mtoto hakulia. Dama hakumjibu kwa sababu jibu lilikuwa kwamba hakukosea.

Alasiri akaja Muhdhar kusema kwamba Akil analia na nyumba imekasirika. Alipotazama kitandani hakumaliza ujumbe wake. Alirudi, na nadhani alichosema huko kilikuwa kweli, maana siku hiyo hakutumwa tena.

Gharib alimeza kidogo Alhamisi. Ijumaa alifungua macho na kumtazama mamake, na Nana akakimbia kuwaambia majirani. Jumamosi, jua halijapanda, alikata roho. Walimzika asubuhi hiyo hiyo, watu sita na mzee wa msikiti.

Siku ya tatu ya matanga Mwana Mwanakuu alikuja kwa miguu, amejifunika buibui, mwanamke ambaye kwa miaka ishirini hakufika mbali zaidi ya nyumba ya dadake. Alikuja kumchukua Dama. Akil alikuwa amekataa kila kitu isipokuwa maji, na sauti ilikuwa imemkauka. Lakini alipoingia hakusema la Akil. Aliketi mkekani, akatoa mkono wa tanzia, kisha akamgeukia Dama.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeniruhusu?"

Matangani uwongo mzuri haumdhuru mtu, na Mwana Mwanakuu alikuwa na nafasi ya kuusema.

"La," akasema. "Nisingekuruhusu."

Dama akaitikia kwa kichwa, akamgeukia Mwanaesha. Maziwa yalikuwa magumu kama mawe, hata kwapani pameshika moto, na walikuwa katikati ya kuyafunga yakauke mgeni alipobisha hodi. Mwanaesha akamzungushia tena leso kifuani, akavuta kwa nyuma, lakini mikono yake haikuwa na nguvu na fundo likateleza. Akajaribu mara ya pili. Likateleza.

Mwana Mwanakuu alitazama, na alijua maziwa yale yakikauka leo yamekauka. Akavua buibui, akajisogeza kwa magoti mpaka nyuma ya Dama, akazipokea ncha mbili za leso kutoka kwa Mwanaesha, akaweka goti mgongoni.

"Vuta pumzi," akasema.

Dama akavuta pumzi. Mwana Mwanakuu akakaza kwa nguvu zake zote, akafunga fundo la kwanza, na juu yake akafunga la pili.